Alama ya Saba

Simu ya Yannick ilisema masaa manne na dakika kumi. Simu ya Fabien ilisema masaa sita na nusu.

Vijana hao wawili walikuwa wameondoka pamoja kwenye mgongo wa mlima juu ya Nyantende, wameteremka njia moja, na wametumbukiza miguu katika maji ya Ziwa Kivu kwa wakati mmoja. Sasa walikaa juu ya mawe ya ufuko, viatu pembeni, wakilinganisha simu zao.

"Simu yako iko muzee," Yannick alisema. "Ipeleke retrete, ipumuzike."

"Angalia hapa." Fabien alimsogezea kioo. Mstari wa njia ulishuka vizuri kutoka alama ya kwanza hadi ya sita. Kuanzia alama ya saba, mwendo ulianguka ghafla. "Inasema kutoka numero saba nilikuwa natembea sawa mutu mwenye kubeba kilo mia."

"Na mi nilikuwa nyuma yako nakimbia ili nikufikie. Futa hiyo. Tutumie ya kwangu."

Wakafuta.

Kazi yao ilikuwa changa bado. Walisoma pamoja chuoni, wakakosa ajira pamoja, na mwishowe wakaamua kuuza kitu ambacho mji wa Bukavu unacho bure: milima inayoshuka mpaka majini. Walitafuta njia ya miguu ya zamani inayopita msitu wa mikaratusi, mashamba ya maharagi, migomba, mashimo ya wafyatua matofali, halafu ngazi za mji, halafu ziwa. Wakapaka rangi nyekundu kwenye mawe kumi na mawili, kila jiwe na namba yake. Nyumba moja ya wageni iliyo kando ya ziwa ilikubali kuwapa watembezi wa kwanza, watu wanane, Jumamosi ile. Ilibaki kupima muda tu. Na kwa kupima muda walikuwa na kanuni moja: krono, saa ya simu inayohesabu mwendo, haisimami. Ukisimama hata kufunga kamba ya kiatu, umeharibu hesabu ya siku nzima.

Ndiyo maana Fabien hakusimama kwenye alama ya saba.

Ukungu ulikuwa umekaa pale juu kama maziwa katika kibuyu. Mwanamke mmoja alikuwa ameegemea jiwe, gunia la makala mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama miguu yake. Alikuwa amelowa chapachapa, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

"Asinge, mutoto wangu," alimsalimu polepole. "Unitue kidogo."

Fabien aliinua simu ili mama aone, akaendelea kutembea kinyumenyume, akitabasamu kama mtu mwenye adabu.

"Mama, krono iko natembea. Nitakutua kule chini, kwa ziwa."

"Kwa ziwa," mwanamke alirudia.

"Eee, mama. Kwa ziwa."

Akageuka na kuteremka. Yannick, aliyekuja nyuma yake dakika mbili baadaye, hakuona mtu kwenye jiwe.

*

Nyumba ya kina Fabien ilikuwa Kadutu, nyumba ya mbao na mabati iliyoning'inia kwenye mteremko. Kuifikia unashuka ngazi sitini na mbili kutoka barabarani. Fabien aliposhuka jioni ile, mama yake, Domitille, alikuwa mlangoni akichambua maharagi kwenye ungo.

Domitille alikuwa na bonde kwenye paji la uso. Si kovu. Bonde la kina kifupi, limetoka sikio hadi sikio, mahali mkanda ulipokaa miaka kumi na tisa. Alibeba makala, mihogo na matofali kutoka Nyantende mpaka soko la Kadutu, kila siku, na kwa mkanda huo Fabien alisoma mpaka akavaa kofia ya diploma. Siku ile ya kofia, kijana alimvua mama mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akautundika kwenye msumari juu ya mlango. "Mama, kazi imeisha," alimwambia. Wote wawili walilia. Mkanda ulikuwa bado unaning'inia pale.

"Umekuya na nani?" Domitille aliuliza bila kuinua macho.

"Peke yangu."

"Nimesikia miguu ya batu babili pa ngazi." Alichagua jiwe kutoka kwenye maharagi, akalitupa. "Mumoja iko na muzigo."

Fabien alicheka. Halafu akanusa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Harufu ya makala yaliyolowa ilikuwa imeingia mlangoni, harufu baridi, chungu kidogo, kama jiko lililozimwa kwa maji. Na ndani yake, harufu ya jasho la mtu.

"Jirani amezima moto," alisema.

"Labda," alisema mama yake.

*

Kesho yake mvua ilianza kunyesha, na Domitille alianza kuinama.

Asubuhi ilikuwa kidogo tu, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mchana alikuwa ameinama kabisa, kidevu kifuani, shingo imekaza, na alipovuka chumba alipanua miguu kama anayepanda mlima, ilhali sakafu ni sawa. Alipovuta pumzi hakuna kilichosikika. Alipoitoa, aliipuliza kwa meno: *fff*. Hatua. *Fff*. Hatua. Ni pumzi ya wamama wanaobeba. Kila mtu wa Bukavu anaijua, maana huisikia ikija nyuma yake kwenye mteremko, naye husogea pembeni ili ipite.

"Mama, kaa."

"Nakaa namna gani? Ukikaa nayo, nani atakuinua?"

"Nini hiyo unabeba?"

Domitille alipuliza tena: *fff*. Bonde la paji la uso wake, lililokuwa limeanza kufifia, lilikuwa limekuwa jekundu, na ngozi ya pembeni ilikuwa imekunjamana, kama inasukumwa na kitu kisichoonekana.

Kwenye kituo cha afya walipiga picha ya shingo, wakasema mifupa imechoka kwa kazi ya zamani, wakampa vidonge. Abbé, padri wa parokia, alikuja akasali, na muda wote wa sala Domitille alisimama wima akaitikia kila neno. Abbé alipofunga kitabu, aliinama tena, chini zaidi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Fabien alirudi kutoka kununua mkate akakuta nyumba tupu. Alimfuata mama yake kwa kuuliza watu. "Amepita hapa, anabeba," walimwambia. "Anabeba nini?" aliuliza, nao walimtazama kwa mshangao, wakatafuta jibu, wasilipate. Alimkuta mbali, nje ya mji, kwenye barabara ya Nyantende, peku, kwenye tope, akipanda. *Fff*. Hatua. *Fff*. Hatua. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika hewa kando ya masikio, mahali mkanda unaposhikwa.

Alipojaribu kumnyanyua ampandishe kwenye pikipiki, hakuweza. Mama yake alikuwa mwembamba kama ufito. Fabien na dereva wa pikipiki walivuta pamoja, na miguu ya Domitille haikutoka kwenye tope mpaka alipoitoa mwenyewe.

"Tonton," dereva alinong'ona, "mi sibebe huyu. Pneu ya pikipiki itapasuka."

Walirudi kwa miguu. Ilikuwa karibu jioni walipofika.

*

Aliyejua alikuwa Maman Bintu. Alibeba na Domitille miaka ile yote, bega kwa bega, na sasa aliuza fretini, samaki wadogo wa ziwa, kwenye kona ya soko. Alikuja Ijumaa asubuhi kumpa pole mwenzake. Aliingia, akasimama, na hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya Domitille, akachuchumaa kidogo, akaingiza mikono miwili hewani, chini ya kitu ambacho hakikuwepo, akanyanyua.

Mishipa ya shingo ikamsimama. Na Domitille, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, aliinua uso akamtazama mwanawe.

"Nani hapa," Maman Bintu alisema kwa sauti ya chini, bila kuachia, "nani aliitikia mama mwenye kubeba, na hakumutua?"

Fabien alihisi midomo yake imekuwa ya mbao. Akasimulia. Jiwe, ukungu, krono, ziwa. Aliposema neno *nitakutua*, Domitille alifumba macho.

"Mutoto wa mama mwenye kubeba," Maman Bintu alisema. "Wewe."

"Nilikuwa nafanya kazi, Maman Bintu."

"Na yeye alikuwa nafanya nini?"

Mvua ilipiga mabati. Maman Bintu aliachia polepole, na kichwa cha Domitille kikashuka tena, kikashuka, kikashuka.

"Sikiliza. Ile njia munapaka rangi, si ya bakiliya benu, bale bageni. Ni njia yetu. Pa lile jiwe tulikuwa tunapumuzikaka. Ukifika unaegemea, unangoja mwenye kupita, unamuambia *unitue*. Mutu hapitake bila kuweka mukono. Hata mwizi alikuwa anaweka mukono kwanza. Lakini kuko siku za mvua, batu banakimbia, banasema *nitakutua kule mbele*. Wewe unangoja. Makala inalowa, inaongeza kilo. Unateleza, unaanguka nyuma, mukanda unakushika shingo." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mi najua majina kumi na moja."

"Kumi na moja?"

"Mulima haukukula mumoja tu."

"Lakini niliahidi mi. Sababu gani anapanda kwa mama?"

"Muzigo unafuata paji yenye inaujua. Yako iko laini." Akatazama nje, kwenye maji yaliyoshuka kwenye ngazi. "Mvua hii haisimami leo. Makala iko nalowa. Kesho shingo yake haitaweza."

"Nifanye nini?"

Maman Bintu alinyoosha kidole kuelekea juu ya mlango, kwenye msumari.

"Kile ulichosema."

*

Walifika kwenye alama ya saba kabla ya adhuhuri, Fabien na Maman Bintu. Ukungu ulikuwa mzito hata namba nyekundu ilionekana kama inaelea bila jiwe. Maman Bintu alimpa masharti njiani, kwa kunong'ona, na sasa aliyarudia. Usikae. Usigeuke. Usitazame saa. Mtu akikuomba msaada, usiseme baadaye.

"Nitatembea mbele yako," alisema. "Mi siwezi kukugusa."

Fabien aligeuza mgongo kwenye jiwe, akaweka mkanda wa mama yake kwenye paji la uso, akashika pembeni kwa mikono miwili.

"Nimekuya, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kulikuwa na pumzi, nyuma ya sikio lake la kulia, *fff*, ya baridi, na tone la maji likaanguka kwenye shingo yake, na halafu mlima wote ulimkalia.

Alipiga magoti nusu, akainuka. Akatembea.

Alama ya nane aliipita akihesabu hatua, alama ya tisa aliipita hawezi tena kuhesabu. Katika msitu wa mikaratusi majani yalidondosha maji, na kila tone lilikuwa kilo, na nyuma yake mtu alikuwa anatembea, si Maman Bintu, maana kitenge cha Maman Bintu kilikuwa mbele yake, cha kijani, kikiyumba katika ukungu, bali mtu wa miguu mitupu aliyeweka unyayo kila alipotoa wake, ndani ya alama ileile, *fff*, hatua, *fff*, hatua, mpaka hakujua tena ni pumzi ya nani, yake au ya yule, na mkanda ulikuwa unakata paji la uso wake, na kitu cha moto kikamshukia kwenye nyusi, na kwenye mashimo ya matofali simu mfukoni ikalia, ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, na sauti ya mama yake ikamwita kutoka nyuma, karibu kabisa, ikiwa na huzuni, "Fabien, geuka nikuone, nimekufa tayari, unabeba bure," naye aliuma ulimi wake mpaka damu ikaja, akaendelea, maana mama yake hakuwahi hata siku moja kumwambia kwamba kubeba ni bure.

Kwenye ngazi za kwanza za mji, dada mmoja alikuwa ameketi na kitunga cha mihogo, mtu hai, amechoka, anangoja.

"Ndugu yangu, unitwike," alisema. "Aksanti."

Fabien alikuwa amepinda kama mundu. Mdomo wake ulifunguka, na neno lilikuwa pale kwenye ulimi, tayari, neno jepesi alilolisema maisha yake yote. *Baadaye*. Alilimeza. Akaachia mkanda kwa mkono wa kulia, shingo ikalia kama ubao, akaingiza mkono chini ya kitunga, akanyanyua. Dada alisimama, akashukuru, akamtazama usoni kwa hofu, kwa maana hakuona alichobeba bali damu tu.

Nyuma ya sikio lake, pumzi ilisita kidogo. Kisha ikaendelea, taratibu zaidi.

Ziwa lilikuwa la kijivu, halina boti. Fabien aliingia mpaka magotini, akageuza mgongo kwenye maji, akapiga magoti. Maman Bintu alisimama mbele yake, akakamata mkanda kwa vidole viwili, akauvua kama mtu anayevua taji.

"Umefika, mama," Fabien alisema. "Nimekutua."

Kitu kikubwa kiliangukia maji nyuma yake. Wimbi moja lilikwenda mbali, likipingana na upepo. Juu ya maji, kwa muda mfupi, kulikuwa na vumbi jeusi la makala, na harufu ile, na halafu hakukuwa na kitu. Maman Bintu aliachia mkanda, nao ukazama kama jiwe.

Walipofika nyumbani, Domitille alikuwa amesimama wima kwenye jiko, akikoroga bugali. Alimtazama mwanawe, akamfuta damu kwa maji ya vuguvugu, akapitisha kidole kwenye mstari mwekundu uliotoka sikio hadi sikio.

"Itabaki," alisema.

"Najua, mama."

"Kula."

*

Jioni ile ile, Fabien alimpigia Yannick simu. Aliomba jambo moja tu.

"Numero saba, musimamishe krono. Mukimuona mutu, mumutue. Usiulize."

"Ulilewa?"

"Yannick."

"Sawa, sawa. Nitasimamisha."

Fabien hakulala vizuri, lakini alilala. Jumamosi mvua ilikuwa imepungua, imekuwa manyunyu. Saa nane mchana yeye na mama yake walikaa mlangoni, mama akichambua maharagi, yeye amefunga kitambaa kichwani, na simu ikaleta sauti ya Yannick. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka, na maji ya ziwa yalikuwa yanapiga mawe.

"Muzee, tumefika! Bakiliya banafurahi mubaya. Masaa manne na dakika kumi, juste. Ile maneno yako ya numero saba, samahani, tulikuwa na retard, tulichelewa kutoka, sikuweza kusimamisha. Lakini ulisema kweli, bamama balikuwa pale. Bengi! Banakaa pa mustari, na magunia, banalowa. Banasema *unitue, unitue*. Mukiliya mumoja alitaka kupiga foto, haikutoka. Mi nikabaambia, musiogope bamama, Fabien wa Kadutu iko nakuya. Fabien atabatua bote."

Sauti ikakatika.

Domitille aliweka ungo chini. Manyunyu yalikuwa yamesimama, na mtaa mzima ulikuwa kimya, hata watoto, hata redio ya jirani. Harufu ya makala yaliyolowa ilishuka kutoka barabarani, ikafika mlangoni, ikakaa.

"Usiseme ngoja," mama yake alinong'ona. "Chochote utakachosema, usiseme ngoja."

Juu ya mlango, msumari ulikuwa mtupu.

*Fff*, kwenye ngazi ya juu kabisa. Hatua. Na nyuma yake, *fff*, nyingine. Na nyuma ya hiyo, nyingine. Fabien alisimama, akatoka nje, akaweka mikono yake miwili mbele yake, viganja juu, jinsi mtu anavyoiweka chini ya mzigo wa mwenzake, na akafumba macho, akahesabu pumzi zilizokuwa zinashuka kumfikia.

Zilikuwa kumi.